Matundu elfu sita kwenye ukucha mmoja

Kijana wa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akisema anataka kusomea utengenezaji wa vigunduzi vya chembe za nyuklia, huulizwa swali lile lile: kwa nini asisomee kitu cha kumsaidia mgonjwa aliyetoka Songea kuja kutibiwa saratani Ocean Road? Swali ni la haki. Fedha ni chache, na maabara za fizikia ya nyuklia kama Jefferson Lab, Marekani, ziko mbali nasi.

Ila wengi wanakichukulia kigunduzi kama anasa inayonunuliwa ikiwa ndani ya boksi. Tukitazame kwa karibu. Tangu Georges Charpak abuni chemba ya nyaya nyingi mwaka 1968, chembe zilifuatiliwa kwa nyaya nyembamba ndani ya gesi. Tatizo ni ioni, yaani atomi za gesi zilizopoteza elektroni. Ni nzito, huondoka polepole, na chembe zikizidi takriban 10,000 kwa sekunde kwenye milimita moja ya mraba, ioni hurundikana na ishara hufifia. Mwaka 1997 Fabio Sauli wa CERN, maabara ya fizikia ya chembe huko Ulaya, akaja na GEM (kizidisha elektroni ndani ya gesi): karatasi ya plastiki ya mikroni 50 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), imepakwa shaba pande zote mbili, imetobolewa matundu ya mikroni 70. Kutoka tundu hadi tundu ni mikroni 140, yaani matundu karibu 6,000 kwenye sentimita moja ya mraba, eneo kama la ukucha. Kila tundu huzidisha elektroni kivyake, hata chembe 100,000 kwa sekunde kwenye milimita ile ile haziishindi GEM.

Nayang'ang'ania matundu kwa sababu ndipo kazi ilipo. Punje moja ya vumbi huweza kuleta shoti na kuua sehemu nzima ya karatasi. Kwa hiyo kabla ya kufungwa, karatasi huwekwa kwenye naitrojeni kavu, hupewa volti kama 500, na mtu hukaa akisoma umeme unaovuja, kwa nanoampea, yaani sehemu za bilioni za ampea. Chumba kisicho na vumbi wala unyevu, kwa hali ya hewa ya Dar, ni gharama kweli, silipingi hilo. Lakini mkono uliozoea volti kubwa na ishara hafifu ndio anaouhitaji fundi wa kamera ya gama, ile ya kupiga picha za mionzi hospitalini, au mita ya mionzi. Charpak mwenyewe aliipeleka chemba yake kwenye picha za eksirei zenye dozi ndogo.

Mimi ningeanza na karatasi ya sentimita 10 kwa 10, chumba kimoja, na vijana wanne.