Andika Amenyofoa, Usiandike Amekula

Nani aliwaambia vijana wa mji huu kwamba waajiri wote duniani wanatafuta mtu wa kufanya kazi "under pressure with minimum supervision"? Mimi nina steshenari hapa Ng'ong'ona, karibu na Chuo Kikuu cha Dodoma. Natoa kopi, nachapa, nabaindi, ila kinachonilisha hasa ni CV. Na CV zote ni moja. Anayeomba uhasibu ni "hardworking". Anayeomba kulinda geti ni "hardworking". Juzi kaja dada anaomba kazi ya kusuka saluni, naye ni "team player". Kusuka timu! Mtu mvivu angetengeneza faili moja akawa anabadilisha majina tu. Faili hilo ninalo.

Ukimshauri mteja aweke neno linalomhusu yeye mwenyewe, ananuna. "Kaka, weka kama ya wenzangu." Haya, nakuwekea kama ya wenzako, mkakae wote mtaani chini ya usimamizi mdogo.

Lakini tukiacha utani, Kiingereza sisi tumekutana nacho kikiwa kimevaa suti. Miaka yote ya msingi umesoma kwa Kiswahili, unaingia kidato cha kwanza unakuta bailojia, fizikia na jiografia vyote vimegeuka. Binti yangu yuko kidato cha pili. Muulize mmea unajitengenezeaje chakula, atakumwagia "photosynthesis" na "chlorophyll" bila kumeza mate. Sasa muulize kwa Kiingereza hicho hicho, baba yako anafanya nini saa nane mchana pale dukani, kichwa kinaenda mbele kinarudi nyuma? Kimya. Kusinzia hakuji kwenye mtihani. Kununa hakuji. Kusonya, kuchungulia dirisha la jirani, kudokoa nyama sufuriani kabla mama hajapakua, yaani mambo ambayo nyumba yangu inayafanya kutwa, Kiingereza chake hatuna.

Na wenyewe wanayo! Chukua pua peke yake. Kupiga chafya "sneeze", kuvuta kamasi "sniff", kukoroma "snore", kupuliza pua kama farasi "snort", hata kumkunjia mtu pua kwa dharau, "sneer". Yote yanaanzia puani, ukiyatamka unasikia. Kwa upepo na vumbi la Dodoma mwezi wa nane, hayo ndiyo yangekuwa somo la kwanza kwenye daftari. Hapana, tukaanza na "photosynthesis", tena katika mkoa wenye miti ya kuhesabika.

Halafu barua zetu. Wafaransa wa Normandy waliiteka Uingereza mwaka 1066, mabwana wakawa wanaongea Kifaransa, wakulima wakabaki na lugha yao. Mpaka leo kuna "begin" ya mkulima na "commence" ya bwana, "help" na "assist", "buy" na "purchase". Sisi wa Dodoma, wajukuu wa wafuga mbuzi, tukaenda moja kwa moja kwa mabwana. Barua ya kuomba ruhusa ya msiba ukiisoma utadhani mtu anahutubia Bunge.

Sasa kuna mzee mmoja, mkulima wa zabibu huko Mpunguzi. Aliingia dukani siku moja na vumbi lake, "Mbukwenyi!" tukaitika, nikampa shikamoo, akaketi kwenye kiti ambacho ni cha kubaindia. Jirani yake ni mradi wa mbuzi wa maziwa, na msimamizi wa mradi ni Mwingereza aliyeingia nchini majuzi. Mbuzi wametoka bandani, wamepiga hodi kwenye mizabibu ya mzee. Mzee anataka barua ya Kiingereza. "Kizito, mwanangu. Asije akaniona wa mchezo."

Kizito ndiyo kazi yangu. Nikaandika kwamba mbuzi wako "have consumed my grapes". Nikamsomea na kumfasiria.

"Hiyo ni kula?"

"Ndiyo, mzee. Ila ya heshima."

"Kwani amekula kwa heshima? Futa."

Nikaenda kwenye ile sehemu ya kompyuta inayokuletea maneno yanayolingana. Huo mtindo una wazee wake, kuna daktari wa Kiingereza anaitwa Peter Mark Roget alitoa kitabu kizima cha maneno ya namna hiyo mwaka 1852. Ila kitabu kina ukurasa, unasoma kushoto na kulia. Kompyuta inakurushia tu. Ikaniletea "devour", hiyo ya simba. Ikaniletea "ingest", hiyo ni ile bailojia ya binti yangu. Ikaniletea "dine". Mbuzi ame-"dine". Yaani kavuta kiti, kafunga kitambaa shingoni, kaagiza na mvinyo wa Dodoma. Ndiyo maana ukipita kwenye ripoti za vijana hapa chuoni unakuta mvua imefanya "commence" na ng'ombe ame-"expire". Wanachagua neno kwa urefu.

Mzee akachoka na mimi. Akasimama katikati ya duka, wateja wote wanaangalia. "Sikiliza. Mbuzi hakula. Alisimama kwa miguu ya nyuma, hivi." Akasimama hivyo, mikono kwenye mashine yangu ya kopi. "Akanyofoa kichipukizi. Kidogo tu." Meno ya mbele, ta-ta-ta-ta. "Akatafuna, akatema. Akahamia mzabibu wa pili. Ta-ta-ta. Akatema. Angekula mmoja akashiba ningesamehe! Halafu wakati wa kutoka akakanyagakanyaga na vilivyobaki. Andika hivyo."

Foleni nzima ikageuka darasa. Mmoja akasema "bite", mzee akauliza hiyo ndiyo ya mbwa? Ndiyo. Basi futa. Mwingine akasema "chew", tukaiweka pembeni, itafaa baadaye. Binti mmoja aliyekuwa anasubiri ripoti yake, anasoma lugha, akasema taratibu, "nibble".

"Rudia," akasema mzee.

"Nibble."

"Nibo, nibo, nibo..." Akalisikiliza mdomoni mwake mwenyewe. "Huyo ndiye! Huyo ni mbuzi kabisa, hata Kiingereza sijui lakini huyo nimemsikia."

Tukaandika: walifanya "nibble" kwenye vichipukizi, wakatema, wakahamia mzabibu mwingine, wakafanya "trample" kilichobaki. Mistari minne. Wala hakuna "kindly", hakuna "I humbly wish to inform your good office". Mimi mwenyewe nilisita kuichapa, niliona karatasi nyeupe imebaki kubwa mno, mteja atadhani nimempunja.

Majibu yakaja haraka. Mzee akayaleta kwa bodaboda, mimi na binti wa ripoti na kijana wa mwaka wa tatu tukainama juu yake. Mzungu anaomba radhi, anasema mbuzi wake ni watundu, halafu akamalizia: "I'll pop round on Saturday."

Hapo sasa. Maneno mafupi kabisa, hata binti yangu anayafahamu moja moja. Kijana wa mwaka wa tatu akasema "pop" ni soda, hilo lina uhakika, na "round" ni raundi. Kwa hiyo Jumamosi Mzungu anatoa raundi ya soda. Binti wa ripoti akasema hapana, maana yake atapita kusalimia mara moja. Tukapiga kura. Soda ikashinda.

Mzee akaalika ukoo.

Jumatatu asubuhi kabla sijafungua hata kufuli, mzee kafika.

"Kaja?"

"Kaja. Soda hakuleta. Watu kumi na saba wamemkodolea macho mkoba wake mpaka jioni." Akaketi kwenye kiti changu cha kubaindia. "Ila kaleta waya wa uzio na mtu wa kuufunga, na hasara amelipa. Tatizo lake lugha."

"Hajui Kiswahili?"

"Anakijua! Kasoma darasani huko kwao. Sasa sikia anavyoongea: 'Nimesikitishwa na uharibifu uliosababishwa na mifugo yangu.' Mtu mko wawili shambani anakuongelesha Kiswahili cha taarifa ya habari! Nikamwambia mwanangu, sema mbuzi wamenyofoa. Akatoa kidaftari akaandika. Akaniuliza na ile ya kutema, na kukanyagakanyaga. Akataka na nyingine, nikamwambia mimi nina mizabibu ya kupogoa, aende kwako."

"Kwangu?"

"Anakuja kesho. Nimemwambia unatoza elfu moja kwa neno."