Ruta ya Akiba Iliyopoteza Mipangilio Isipewe Zamu

Katika miaka yangu ya kazi ya mitandao, hakuna hitilafu ya programu inayoniudhi kama ile inayofuta mipangilio ya ruta ya akiba bila kumwarifu mtu. Ruta ni kifaa kinachoelekeza data kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, na ile ya akiba husubiri kushika nafasi ya ruta kuu. Ruta kuu ikizimika, ya akiba hushika zamu kwa wakati wake, kisha watumiaji hubaki bila mtandao ilhali taa zote zinawaka kijani.

Yalinikuta baada ya kusasisha programu endeshi ya ruta mbili zilizokuwa zikipokezana zamu. Ruta ya akiba ilipojiwasha upya ilibaki na nambari ya kundi la ruta hizo mbili na anwani ya mtandao zinayoitumia kwa pamoja, lakini njia zote za kupitishia data tulizoziandika kwa mkono, pamoja na sheria za kuchuja data, zilikuwa zimerudi katika hali ya kiwandani. Hakukuwa na onyo lolote. Wiki tatu baadaye ruta kuu ilizimika usiku, na ya akiba ikapokea data zote na kuzitupa, kwa kuwa haikujua pa kuzipeleka. Nilipofungua jedwali la njia nilikuta mistari miwili tu, yote ya mitandao iliyounganishwa na kifaa chenyewe. Njia ya kutokea nje haikuwapo.

Itifaki tuliyoitumia, yaani kanuni zinazoziongoza ruta kupokezana zamu, ni VRRP, ambayo toleo lake la 3 lilielezwa mwaka 2010 katika waraka wa viwango vya intaneti uitwao RFC 5798. Kwa kawaida ruta iliyo zamuni hutuma ujumbe kila sekunde 1, na ile ya akiba yenye kipaumbele cha 100 (nambari inayoamua ruta ipi ishike zamu) ikikaa takriban sekunde 3.6 bila kuusikia, huchukua zamu. Ujumbe huo hubeba nambari ya kundi, kipaumbele, muda wa kutuma na anwani za pamoja. Kuhusu njia na vichujio hausemi neno, na hapo ndipo ruta tupu inapopita kama ruta nzima.

Watengenezaji hupenda kusema kwamba kuhifadhi na kukagua mipangilio ni wajibu wa msimamizi. Wana haki kiasi, maana wapo wanaobadilisha mipangilio wakasahau kuihifadhi. Lakini yetu ilikuwa imehifadhiwa, na sasisho ndilo lililoifuta. Naamini kila kifaa cha akiba kinapaswa, kila kinapowashwa, kulinganisha mipangilio yake na nakala ya mwisho iliyothibitishwa, na kikikuta tofauti kisiyoielewa, kikatae zamu na kupiga kelele. Wazo la kujiuzulu si geni: VRRP yenyewe imetenga kipaumbele cha 0 kwa ruta inayoachia zamu.

Wapo watakaosema kwamba kifaa kinachokataa zamu kitauacha mtandao umekatika. Kwetu ulikatika vilevile, tena tulipoteza saa nzima tukikagua nyaya kwa sababu mfumo wa ufuatiliaji ulisisitiza kwamba mambo yako sawa. Hatari kubwa zaidi iko kwenye mifumo inayonakili mipangilio yenyewe kutoka kifaa kilicho zamuni, kwani ruta tupu ikishika usukani inaweza kumwambukiza mwenzake utupu huo, na nakala nzuri ya mwisho ikapotea.

Siku hizi, baada ya kila sasisho, naizima ruta kuu mchana, watumiaji wakiwa wamearifiwa, na sitii saini hadi nione data zikitoka nje na kurudi kupitia ruta ya akiba.