Madawati na shimo la kifusi

Barabara ya TANZAM ikipanuliwa kuwa njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi, kilometa 29 zinazolipasua Jiji la Mbeya, swali la zamani limerudi vijiweni: mkandarasi anarudisha nini kwa jamii? Anayeuliza hivyo huwa anawaza madawati, au mifuko ya saruji ya zahanati.

Wana hoja. Vumbi la malori tunalila sisi. Tena sheria ya madini, tangu marekebisho ya 2017, inamtaka mwenye mgodi aandae kila mwaka mpango wa kusaidia jamii na kukubaliana na halmashauri; Chunya wanaujua utaratibu huo. Mjenzi aachwe kwa nini?

Aachwe kwa sababu mwenye mgodi anauza dhahabu, ilhali mjenzi wa barabara analipwa kwa kodi zetu. Hapa ndipo makandarasi, hasa wazawa wadogo, wanapoonewa. Mtu kashinda zabuni kwa bei ya kubana, hati yake ya malipo imelala miezi mezani, dizeli anakopa, mara diwani huyu hapa na barua ya kuomba mabati. Atayatoa wapi? Kama aliyaweka kwenye bei tangu mwanzo, tumejinunulia wenyewe na kupiga makofi juu. Kama hakuyaweka, atayachomoa kwenye nondo. Heri asitoe.

Ninachomdai mimi ni shimo. Moramu, kifusi cha kujengea barabara, huchimbwa mashambani, na mvua za Novemba zikianza shimo la kifusi linageuka bwawa. Hadi Aprili watoto wanapiga mbizi humo, na kina chake hakuna anayekijua. Kurekebisha eneo hilo kwa kawaida kumo kwenye mkataba, na kunalipiwa, si hisani. Makandarasi watakujibu kwamba vijiji vyenyewe huomba shimo liachwe liwe lambo, na kwa wafugaji wa Usangu ombi hilo lina akili. Lakini ng'ombe hushuka lamboni kwa mteremko, hashuki ukutani. Greda likiwa bado lipo, kuchonga upande mmoja ni kazi ndogo. Likishahamia Makambako, nani atalirudisha?

Basi kabla ya hati ya mwisho, mhandisi msimamizi na mwenyekiti wa kijiji watembee wote hadi shimoni. Wakikuta kingo bado zimesimama wima, ile fedha inayozuiliwa mpaka kazi ikamilike isitoke, hata kama shule ya jirani ina madawati mapya.