Kijiko cha Maziwa na Mkonga wa Ganesha

Kabla ya mapambazuko ya Alhamisi, tarehe 21 Septemba 1995, muumini mmoja katika hekalu la kusini mwa Delhi alikisogeza kijiko cha maziwa kwenye mkonga wa sanamu ya Ganesha, mungu mwenye kichwa cha tembo ambaye Wahindu humwomba kabla ya kuanza jambo lolote kubwa, na maziwa yakatoweka. Asubuhi haijakwisha, foleni zilikuwa zimeyazunguka mahekalu ya miji mingi ya India, simu zimekwisha kuvuka bahari, na huko Southall, pembezoni mwa London, watu wamejipanga na vijiko vyao. Mauzo ya maziwa mjini Delhi yaliripotiwa kupanda kwa zaidi ya asilimia 30. Ilipofika jioni, sehemu nyingi habari zilikuwa kwamba sanamu zimeacha kunywa.

Majibu mawili yalitoka siku ile ile. Vishwa Hindu Parishad, jumuiya yenye nguvu inayojitambulisha kuwa msemaji wa Wahindu wote, ilitangaza kwamba huo ni muujiza. Wanasayansi wa serikali walikwenda hekaluni, wakayatia maziwa rangi, wakayatoa kwa kijiko kama walivyofanya wengine, na rangi ikaonekana inashuka kifuani mwa sanamu. Kijiko kikijazwa hadi ukingoni, maziwa hujikusanya na kuinuka kidogo kupita ukingo bila kumwagika, kwa sababu chembe zake zinashikana. Yakigusa jiwe lenye unyevu, hushikamana nalo, yakavutwa na kuteremka katika utando mwembamba usioonekana kwa urahisi juu ya marumaru nyeupe. Nilijaribu mwenyewe jikoni, kwa tembo mdogo wa kuchongwa wa jiwe la Kisii. Nilimlowesha, nikagusisha kijiko kwenye mkonga bila kukiinamisha, nikakitazama kijiko tu. Kilipungua polepole, na nakiri kwamba kwa sekunde kadhaa nilielewa kabisa kilichowapata watu wa Delhi. Kisha nikatazama meza, nikaona kidimbwi miguuni pa tembo.

Kwa hiyo maelezo ya wanasayansi yanasimama, na sioni sababu ya kuyazungusha. Hata hivyo waumini walikuwa na hoja mbili, na hazilingani uzito. Ya kwanza ni swali: kama ni tabia ya kawaida ya maziwa, mbona ilionekana siku ile tu? Jibu lake ni jepesi, kwa maana siku za kawaida watu humwagia sanamu maziwa au huyaweka mbele yake, hawashiki kijiko mkongani huku wakikikodolea macho. Na jambo hilo lilipotangazwa tena Agosti 2006, lilionekana tena. Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo inasema kwamba kueleza njia ambayo maziwa yalipita si kukanusha kwamba Mungu aliyapokea. Hapa mwanasayansi hana kijiko cha kupimia, na ndipo inapobidi kuuliza Wahindu wenyewe wanaamini nini.

Kabla ya hapo, tuache kosa letu la kila siku la kuchanganya Mhindi na Mhindu. Mhindi wa dukani anaweza kuwa Ismailia, Singasinga au Mgoa Mkatoliki, na akastaajabu kusikia anahusishwa na Ganesha. Neno letu “sanamu” nalo linakuja na hukumu yake tayari, kwa kuwa tumelirithi kupitia mahubiri ya misikitini na makanisani. Mhindu anaposema “murti” anakusudia umbo ambalo limefanyiwa ibada maalumu ya kutiwa pumzi ya uhai, na tangu hapo linatendewa kama mgeni wa heshima: huamshwa asubuhi, huogeshwa, huvishwa, hupewa chakula, hulazwa usiku. Chakula hicho hakipungui hata punje, na hakuna anayeona ajabu. Mungu amekwisha kukipokea, na kinachobaki hugawiwa waumini kama baraka. Katika Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, mungu Krishna anasema kwamba anayemtolea jani, ua, tunda au maji kwa mapenzi, yeye huipokea sadaka hiyo. Hasemi kwamba jani litatoweka. Wapo pia wanafalsafa wa madhehebu ya Advaita wanaofundisha kwamba uhalisi wa mwisho, Brahman, hauna umbo wala sifa, na kwamba maumbo yote ni ngazi ya kumsaidia mwanadamu kupanda. Kwa mtazamo wowote kati ya hiyo, sanamu inayokunywa haiongezi chochote ambacho imani ilikuwa imekosa.

Mapokeo yenyewe, tena, hayakuwahi kuukumbatia muujiza kwa mikono miwili. Patanjali, mwanazuoni wa kale wa yoga, katika sehemu ya tatu ya kitabu chake Yoga Sutra, anaorodhesha uwezo wa ajabu anaoupata mtu aliyezama katika taamuli, ukiwamo wa kutoonekana na wa kupita juu ya maji, halafu anaonya kwamba uwezo huo ni kizuizi kwa anayetafuta utulivu wa mwisho. Ramakrishna, mtawa wa Bengal wa karne ya 19, alisimulia habari za mtu aliyerudi nyumbani baada ya miaka mingi ya mazoezi akijivuna kwamba sasa anavuka mto kwa miguu. Nduguye akamwambia kwamba yeye huvuka kwa kumlipa mwenye mtumbwi senti moja. Msomaji aliyekulia madrasa atakumbuka namna walimu wanavyotenganisha muujiza wa mtume, karama ya walii na istidraji, yaani ajabu inayomtokea mtu mwovu. Tahadhari ni ile ile.

Tatizo linaanza pale ajabu inapogeuzwa kuwa hati ya mamlaka. Sathya Sai Baba, kiongozi wa kiroho wa Puttaparthi, kusini mwa India, aliyefariki mwaka 2011, alijulikana kwa kutoa jivu takatifu na pete mkononi mbele ya umati. Mwaka 1976 H. Narasimhaiah, mkuu wa Chuo Kikuu cha Bangalore, aliunda kamati ya kuchunguza madai ya namna hiyo na kumwalika Sai Baba ajaribiwe, lakini hakuitikia. Watetezi wake huonyesha hospitali ya bure na mabomba ya maji aliyowapelekea watu wa Anantapur, eneo la huko kwao, na vyote hivyo vipo kweli, lakini maji ya bomba hayathibitishi pete. Katiba ya India, kwa marekebisho ya mwaka huo huo wa 1976, inamtaka raia akuze fikra za kisayansi. Daktari Narendra Dabholkar, aliyepigania sheria dhidi ya waganga matapeli katika jimbo la Maharashtra, alipigwa risasi mjini Pune tarehe 20 Agosti 2013 akiwa katika matembezi ya asubuhi. Siku chache baadaye serikali ya jimbo ilipitisha amri aliyoipigania kwa miaka mingi. Anayesema kwamba miujiza haimdhuru mtu hana budi kulijibu hilo, ingawa si haki kumtwisha damu hiyo bibi aliyepanga foleni na kijiko.

Bibi huyo, nadhani, hakwenda kupata ushahidi. Katika mahekalu mengi ya India maziwa humwagwa juu ya sanamu kila wiki, mengine kila siku, yakatiririka hadharani mabegani na magotini hadi kwenye mfereji wa jiwe, na hakuna anayeinama kutazama yamekwenda wapi.