Makumbusho ya Maangamizi yanahitaji majirani

"Kwani wewe ni Myahudi?" Hilo ndilo swali ninaloulizwa kila ninapowaambia Waswahili wenzangu hapa Chicago kwamba Jumapili nyingine sipatikani nyumbani, nipo Skokie kwenye makumbusho ya Maangamizi ya Wayahudi, napokea wageni. Mimi si Myahudi. Ni mtoto wa Tanga, Mwislamu, na sina ndugu hata mmoja kati ya Wayahudi milioni 6 waliouawa na Wanazi na washirika wao. Nimeamua kuandika kwa sababu swali lenyewe limejengwa juu ya imani ambayo siikubali: kwamba kila msiba una wenyewe, na asiye wa ukoo akae nje ya turubai.

Kwanza ieleweke makumbusho haya yalivyozaliwa. Skokie ni mji mdogo unaopakana na Chicago upande wa kaskazini. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, manusura wengi wa kambi za Wanazi walihamia huko. Wakafungua biashara, wakazaa, wakasomesha. Wengi wao hawakusimulia yaliyowapata, hata kwa watoto wao wa kuwazaa. Ndipo miaka ya 1977 na 1978 kikundi cha Wanazi mamboleo kutoka Chicago kikatangaza kwamba kitaandamana Skokie, kikiwa na sare na alama ya swastika, mbele ya nyumba za watu waliokwisha kuikimbia alama hiyo mara moja. Kesi ilifika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwisho wa yote ikaamuliwa kwamba uhuru wa kujieleza unawalinda hata hao. Maandamano hayakufanyika Skokie, wakaishia kukusanyika Chicago. Lakini kitu kilikuwa kimeshabadilika ndani ya wale wazee.

Mwaka 1981 manusura wa eneo hilo waliunda taasisi yao. Hawakuwa na jengo la fahari. Walipata fremu ya duka kwenye barabara ya Main Street, wakaweka humo picha, barua na vitu walivyokuwa navyo, wakaanza kuzunguka shuleni kusimulia. Hakuna aliyewalipa. Mwaka 1990 jimbo la Illinois likawa la kwanza Marekani kuzilazimisha shule za umma kufundisha historia ya Maangamizi, na wazee hao walikuwa mstari wa mbele kuidai sheria hiyo. Jengo kubwa la sasa, lililosanifiwa na Stanley Tigerman, lilifunguliwa mwaka 2009, yaani miaka 28 baadaye. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba wanaojitolea ni wasaidizi tu wa makumbusho, mimi namwambia amegeuza mambo. Waliojitolea walikuwepo kabla ya mkurugenzi, kabla ya msanifu, kabla ya tofali la kwanza.

Aliyeniteka zaidi katika historia hiyo ni Fritzie Fritzshall, aliyekuwa rais wa makumbusho kwa miaka mingi hadi alipofariki mwaka 2021. Alipelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi huko Poland, akiwa binti mdogo. Baadaye akahamishiwa kwenye kambi ya kazi pamoja na wanawake wengine 599, na yeye ndiye alikuwa mdogo wao. Wale wanawake walimpa chembechembe za mkate wao. Fikiria mkate wenyewe: kipande cha siku nzima, cha mtu anayekufa kwa njaa, na bado anakivunja pembeni ampe mtoto wa mwenzake. Sharti lao lilikuwa moja, kwamba akipona aende akawasimulie watu habari zao. Fritzshall aliitimiza ahadi hiyo mbele ya maelfu ya wanafunzi mpaka uzeeni. Mimi sitaki kabisa ahadi ile izikwe naye.

Na hapo ndipo penye dharura. Aliyekuwa na miaka 10 vita vilipokwisha mwaka 1945 sasa amevuka 90. Makumbusho ya Skokie yalilitazama jambo hili mapema: manusura kadhaa, Fritzshall akiwemo, walirekodiwa wakijibu mamia ya maswali, na tangu mwaka 2017 mgeni anaweza kukaa ukumbini, akauliza, na taswira ya mzee ikamjibu kwa sauti yake mwenyewe. Ni kazi nzuri sana na naiheshimu. Ila taswira haimwoni mtoto wa kiti cha nyuma aliyeinamisha kichwa. Haijui kwamba mwalimu amechoka, au kwamba kijana aliyecheka amecheka kwa woga. Kwa hilo anahitajika mtu.

Mtu huyo anatakiwa awe amefundishwa. Wapo wanaodhani kujitolea ni kufika tu na moyo mzuri. Ndani ya makumbusho lipo behewa la mizigo la Kijerumani, la mwanzoni mwa karne ya 20, la aina iliyotumika kusafirishia watu kwenda kambini. Jaribu la kila mgeni katika kazi hii ni kuwaambia watoto, "Haya, fumbeni macho, jifanyeni mmo humo." Sifanyi hivyo, na nashukuru nilikatazwa mapema. Mtoto aliyeshiba, anayejua basi linamsubiri nje, hawezi kuijua hali ile kwa kufumba macho, na kumwambia ameijua ni kumdanganya na kuwakosea marehemu. Afadhali kusubiri swali lake. Siku moja msichana wa darasa la saba hivi alilitazama behewa kwa muda, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini choo kilikuwa wapi. Nikamwambia ilikuwa ndoo, na pengine hata ndoo haikuwepo, kwa watu waliosongamana kwa siku kadhaa, wanaume kwa wanawake, wazee na watoto. Hakuuliza tena. Nadhani alielewa fedheha ile kuliko ambavyo hotuba yoyote ingemweleza.

Wapo wanaoniuliza kuhusu Gaza, na wengine huniuliza kwa ukali. Najibu bila kuzunguka. Kumlilia mtoto aliyeuawa Auschwitz mwaka 1944 hakunipunguzii chozi kwa mtoto wa Gaza, wala kwa waliouawa Israeli Oktoba 2023. Moyo unaopima kwanza marehemu ni wa nani ndio uliotufikisha kwenye yale mabehewa.

Nirudi kwenye dai kwamba mambo haya hayatuhusu. Mwaka 1904 alizaliwa Dar es Salaam mtoto aliyeitwa Mahjub bin Adam Mohamed. Baba yake alikuwa askari wa jeshi la kikoloni la Wajerumani, na kijana mwenyewe akaingizwa jeshini katika Vita Kuu ya Kwanza angali mtoto. Mwaka 1929 alifika Ujerumani, akadai malimbikizo ya mshahara wake na wa baba yake, akanyimwa. Akabaki Berlin kwa jina la Bayume Mohamed Husen, akafanya kazi ya uhudumu, akaigiza kwenye filamu, na akafundisha Kiswahili chuo kikuu. Mwaka 1941 Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, wakamkamata kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, wakampeleka kambi ya Sachsenhausen bila kesi. Alifia humo tarehe 24 Novemba 1944. Hakuwa Myahudi, na si haki kuichanganya habari yake na ile ya taifa zima lililokusudiwa kufutwa. Lakini ni sera ileile ya ubaguzi wa rangi iliyomuua mwalimu wa lugha hii ninayoiandika sasa. Tangu mwaka 2007 lipo jiwe dogo la shaba lenye jina lake kwenye kijia cha Brunnenstraße, Berlin, mbele ya jengo alilokaa. Mawe ya namna hiyo, yaliyoanzishwa na msanii Gunter Demnig, yamepita 100,000 barani Ulaya, na mengi husuguliwa na wakazi wa mtaa wenyewe, kwa kitambaa na dawa ya kung'arishia shaba. Ningefurahi kusikia Mtanzania aliyeko Berlin amepiga magoti pale na kitambaa chake.

Huku kwetu, kilomita chache tu kutoka Skokie, mitaa ya Rogers Park na West Ridge imejaa jamaa kutoka Kongo: watu wa Uvira, wa Fizi, wa Bukavu. Wapo pia Warwanda na Warundi. Wengi wao wanajua kukimbia usiku ni nini kuliko mimi. Naona makumbusho yoyote yenye majirani kama hao yanapaswa kuwapigia hodi na kuwapa nafasi, ikiwemo siku za kuongoza wageni kwa Kiswahili. Lakini kwa adabu. Usimwite mama wa Uvira ili umwombe asimulie yaliyompata mbele ya kamera. Mkaribishe kama mgeni, kisha akipenda apewe zamu kama mtu mwingine yeyote. Kusimulia ni hiari yake, na asiposimulia milele bado ni wetu.

Na kwa ndugu walioko Mombasa, Kigali au Muscat, ambao hawawezi kufika kwenye makumbusho haya: ipo kazi inayofanyika kwa kompyuta. Taasisi ya Nyaraka za Arolsen, Ujerumani, inahifadhi taarifa za watu wapatao milioni 17.5 walioteswa na Wanazi. Tangu mwaka 2020 taasisi hiyo imekuwa ikiwaomba watu wa kawaida duniani kote wasaidie kuingiza majina. Unaletewa picha ya kadi ya mfungwa kwenye skrini, unasoma, unaandika jina, tarehe ya kuzaliwa, namba aliyopewa. Hati ileile hupitiwa na zaidi ya mtu mmoja ili makosa yagundulike. Mwandiko wa zamani unasumbua mwanzoni, baadaye jicho linazoea. Ni kazi ya nusu saa ukitaka, na faida yake ni kwamba mjukuu anayemtafuta babu yake anaweza kumpata kwa kuandika jina tu.

Hoja ya "mwenzako akinyolewa, zako tia maji" siitumii ninapowashawishi watu wajiunge, ingawa wengi huipenda. Inatuita kwa kujihofia wenyewe. Wale wanawake 599 hawakutoa chembe za mkate kwa kuogopa kitu. Walishakuwa ndani ya hofu yote. Walitoa kwa sababu pale mbele yao alikuwepo mtoto.

Kikao kijacho cha jumuiya yetu nitaomba suala hili liwe ajenda kamili, lisiachwe hadi kwenye mengineyo watu wanapoanza kuvaa makoti. Nitakuja na fomu za kujiandikisha. Wanaojua Kifaransa na Kinyarwanda ninawahitaji zaidi, na mwenye gari la kuwachukua wazee pale Rogers Park aniambie mapema.