Kachezee Nje!

Jamani, Jumapili, saa tatu kasoro usiku. Mvua ya mwezi wa tatu inapiga bati kama imetumwa kudai deni. Nimeshavua viatu, miguu iko kwenye beseni la maji ya moto, simu inalia. Grupu la wazazi. Mwalimu wa chekechea anaandika: "Wazazi wapendwa, kesho kila mtoto aje na mnyama wa kufinyanga, pamoja na picha ya kubandika kwa mbegu. Jumapili njema."

Jumapili njema! Mtu anakubomolea nyumba halafu anakuombea heri.

Na wazazi wenzangu, wanafiki wakubwa, wanajibu kwa foleni. "Asante Madam." "Tumepokea Madam." "Ubarikiwe sana Madam." Ukiwajua hao watu, hakuna hata mmoja mwenye udongo ndani. Nami nikatuma vile viganja viwili vilivyoshikana, vya kuomba. Kweli nilikuwa naomba. Naomba mwalimu ahamishwe.

Sasa niseme hapa ambapo Madam hayupo: sitaki. Sitaki udongo sebuleni, sitaki gundi, sitaki rangi ya maji, sitaki mkasi unaotafutwa mpaka uonekane kwenye unga. Siyo kwamba siwapendi watoto wangu. Nawapenda sana, hasa wakiwa wamelala.

Mtu wa Dar hawezi kunielewa. Kule mtoto akijipaka rangi unamvua kijishati, unakisuuza, unakianika, ukimaliza kunywa chai kimekauka. Huku Mbeya mtoto amevaa singlendi, shati, sweta, na juu yake sweta jingine alilofuma bibi. Akijipaka gundi kajipaka ghorofa nne. Na maji ya bomba alfajiri ukiyagusa, vidole vinakukana, vinasema huyu mtu hatumfahamu. Sweta la shule linafuliwa Jumatatu. Jumanne linaning'inia kambani linatazama mawingu ya mlima Loleza. Jumatano mnalihamishia juu ya jiko la mkaa. Alhamisi mtoto anakwenda shule ananukia kama samaki wa moshi kutoka Matema. Kwa hiyo mzazi wa huku akifoka "acha hiyo rangi!" msidhani anaua kipaji. Anaokoa sweta.

Halafu mimi ni Mkinga. Nauza vipuri vya bajaji pale Kabwe, na huwa napiga hesabu kabla sijapiga mswaki. Madam anasema hizi kazi hazina gharama, eti tutumie "vitu vinavyopatikana katika mazingira". Mazingira yapi, Madam? Mazingira yangu yote nimeyanunua.

Nikasema haya, tuanze na mbegu, ndiyo kazi kavu. Mke wangu akachemsha uji mzito wa ngano, ndiyo gundi. Ukawekwa mezani upoe. Lusajo, miaka mitatu, akanywa nusu. Hana kosa, kwake uji ni uji. Tukachemsha mwingine. Mimi nikachagua maharage yaliyotobolewa na wadudu, na mahindi ya kuku, nikampa dada yake, Tumpe, na kipande cha boksi. Nikaenda kutafuta mkasi. Dakika tano tu. Narudi nakuta Tumpe kaachana na maharage yangu, kafungua ndoo, anabandika mchele wa Kyela.

Mchele wa Kyela, ndugu zangu! Ule ambao ukichemka Isyesye, mtu wa Uyole anainua pua anauliza leo kwa nani kuna wageni. Tumeuficha tangu Krismasi tukisubiri Pasaka. Sisi wenyewe tunakula ugali tukiutazama kwa macho. Mtoto kautumia kutengeneza ndevu.

"Ndevu za nani hizo?"

"Za kwako baba. Si zimeanza kuwa nyeupe?"

Nilitaka kuzibandua punje moja moja. Bibi yao akanizuia.

Ee, nilisahau, mama mkwe yupo. Amepanda kutoka Matema kuja kutuona, huu mwezi wa pili bado anatuona. Bibi ni mtu wa ziwani, na kwenye mambo ya udongo huwezi kumwambia kitu. Akatengeneza khanga yake vizuri, akaanza.

"Baba Tumpe, pale Ikombe Wakisi wanafinyanga vyungu kwa mikono tu, hawana hata kigurudumu cha kuzungushia. Wanachoma kwa moto wa wazi, wanapakia kwenye mitumbwi, wanakuja kuuza Matema. Wamesomesha watoto kwa udongo. Tumpe anataka kufinyanga tembo mmoja tu, wewe unaogopa?"

"Ni kweli mama," nikasema. Kwa mkwe unasema nini kingine?

Ila moyoni nikasema, mama, Wakisi wana Ziwa Nyasa zima la kunawia mikono. Mimi nina ndoo ya lita ishirini, na bomba linatoka Jumanne na Ijumaa.

Wapo watakaosema mbona wewe ulicheza na udongo. Nilicheza sana! Kule Makete nilikuwa na zizi la ng'ombe wa udongo kumi na wawili, na gari la mabua lenye magurudumu ya kandambili. Lakini mama yangu alikuwa haoni kitu. Tulitoka asubuhi, tukarudi jioni na rangi moja na barabara, akatufuta kwa maneno tu. Hakuna aliyeita ile kazi sanaa. Hakuna aliyetoa maksi. Wala hakuwa na makochi. Leo mke wangu ana makochi, na juu ya makochi ana vitambaa vyeupe vya kufuma, vimekaa kwenye mgongo wa kochi kama maaskofu kwenye mkutano. Mgeni akiegemea tu, mke wangu anapumua kwa shida. Ndipo hapo hapo Madam anataka tumlete tembo.

Ndiyo maana mimi nina dawa moja kwa kila ugonjwa: kachezee nje! Mkasi? Kachezee nje. Rangi? Kachezee nje. Mwaka huu mvua imenigeuka. Nje kuna tope mpaka kwenye kifundo cha mguu, na ile bustani ya chainizi ni ya mama mwenye nyumba, haikanyagwi hata na kuku.

Na msinifanye nisimulie habari ya mwezi uliopita, ule unga unaometameta wa kupambia kadi. Basi nasimulia. Tumpe alinitengenezea kadi, "Baba nakupenda", nikaibusu. Kosa langu lilikuwa hilo, kubusu. Mchana nikaenda msibani Isanga. Nimekaa na wazee kwenye mkeka, nimeinamisha kichwa, nimekunja uso kama inavyotakiwa, nashangaa watu wananitazama sana. Mzee mmoja akaniinamia, "Mwanangu, umetokea harusini?" Kumbe kila nikitikisa kichwa kwa huzuni, uso unawaka kama bajaji mpya. Ule unga hautoki kwa sabuni wala kwa toba. Mpaka leo nikipiga mswaki naona nyota.

Turudi kwa tembo. Udongo wa kufinyanga usiku ule, mvua ile, tungeutoa wapi? Mke wangu akasema tutakanda wa kwetu: unga wa ngano, chumvi nyingi usioze, mafuta kijiko, maji. Ngano tena! Nikameza mate, nikanyamaza. Tumpe akataka tembo awe wa rangi. Rangi iko wapi? Mama yake akafungua kabati akatoa bluu ya kufulia, ile ya kung'arisha mashati. Lusajo akaondolewa jikoni haraka kabla hajaonja. Tembo wa Ruaha, mnyama wa watu wanaopanda ndege kuja kumtazama, anatoka kwangu bluu kama shati la polisi jamii.

Nakiri kitu kimoja. Mkonga ulikuwa unaanguka. Tumpe anauweka, unaanguka. Nikasema lete hapa. Nikautia njiti ya kiberiti ndani, ukasimama. Nikatengeneza na masikio. Nikaona mguu wa nyuma haujakaa sawa, nikaurekebisha. Kushtuka, saa nne na nusu, Tumpe kalalia meza, bibi ananitazama anacheka kimya kimya, na mimi nina bluu mpaka kwenye viwiko, nabishana na mke wangu kuhusu mkia.

Na Lusajo je? Hapo ndipo moyo ulipopasuka. Mtoto mdogo akinyamaza nyumbani, usiseme ametulia, sema anafanya kazi. Alikuwa amefungua gunia la mkaa koridoni, akapaka viganja, akaja sebuleni akapiga mihuri ukutani. Saba. Ukuta mweupe, wa kupanga. Na asubuhi yake, Jumatatu, mama mwenye nyumba anakuja kuchukua kodi ya miezi sita. Yule mama hahesabu hela kwanza. Anahesabu kuta.

Wakalala wote. Nikajaribu kwa sabuni na kitambaa, mkaa ukasambaa, viganja saba vikawa wingu moja. Nikakaa kwenye kochi, nikaegemea kitambaa cha kufuma, liwalo na liwe, nikafungua simu. Natafuta jinsi ya kutoa masizi ukutani. Mnajua nilikutana na nini?

Ule unga wa kuchezea wa Wamarekani, Play-Doh, haukuanza kama mchezo. Ulikuwa dawa ya kusafishia ukuta! Kampuni moja ya Cincinnati ndiyo iliyotengeneza. Enzi hizo nyumba zao zilipashwa joto kwa makaa ya mawe, masizi yanashika kwenye karatasi za maua zilizobandikwa ukutani, na zile karatasi huwezi kuzilowanisha. Kwa hiyo unachukua donge, unalibingirisha ukutani, linanyonya masizi. Baadaye watu wakaingia kwenye gesi na mafuta, masizi yakaisha, biashara ikafa. Ndipo mwalimu mmoja wa chekechea akawapa watoto wafinyange mapambo ya Krismasi kwa lile donge. Mwaka 1956 likaingia sokoni na jina hilo, likatajirisha watu.

Kumbe balaa lote hili dunia nzima lilianzishwa na mwalimu wa chekechea! Nilijua tu.

Lakini nikaamka kwenye kochi kama niliyefunuliwa. Masizi? Ninayo. Donge? Ninalo, limebaki bakuli zima, la ngano na chumvi. Nikachukua bonge la ukubwa wa ngumi, nikalibingirisha pembeni ya lile wingu. Wallahi, mkaa ukatoka! Nikabingirisha tena, kwa nguvu ya mtu anayeona fedha yake ikirudi. La pili, la tatu. Nikajiona nafungua kampuni Mwanjelwa. Nilikuwa natumia mwanga wa simu, umeme ulikuwa umekatika saa sita, na kwa mwanga ule ukuta uling'aa.

Tumpe akatoka kwenda kukojoa, akasimama mlangoni na blanketi begani. Akanitazama nimepiga magoti, nabingirisha. Akasema kitu nusu usingizini. Sikumsikiliza, niko kazini.

Kitu kimoja nilikiruka kwenye ile habari, nimekisoma asubuhi: donge la wale Wamarekani lilikuwa jeupe.

Kulipokucha, masizi hamna hata doa. Mahali pake, kutoka kwenye swichi ya taa mpaka juu ya televisheni, kuna bluu. Bluu ya kufulia, imepakwa kwa mafuta, imeingia ukutani mpaka kwenye tofali. Bibi akaitazama akasema, "Ndaga," yaani asante kwa Kinyakyusa, akarudi jikoni. Mke wangu hakusema chochote, alichukua kile kitambaa cha kufuma nilichoegemea, akakikunja taratibu. Afadhali angesema.

Saa moja na nusu, hodi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hamjambo?" Akavua viatu mlangoni, akaingia, akakaa. Nikamwekea bahasha mkononi haraka, kodi imetimia, hata ya maji nimeweka. Hakuifungua. Alikuwa ameshafika ukutani. Akasimama. Akasogea. Akapitisha kidole, akakitazama kile kidole, kikawa cha bluu.

"Hili nalo ziwa gani?" akauliza. "Nyasa au Rukwa?"

Kimya. Mvua yenyewe ilinyamaza. Lusajo anakunywa uji, kwa mara ya kwanza maishani hana hatia, na anaonekana anajua.

"Nauliza, ni mtoto yupi aliyefanya hivi?"

Tumpe alikuwa ameshavaa sweta, amekumbatia boksi lenye tembo na ndevu zangu za mchele, tayari kwa shule.

"Siyo mtoto," akasema. "Ni baba. Usiku. Nilimwambia akachezee nje."