Usiyadharau mawimbi ya mvutano kwa udogo wake

Karibu kila makala ninayosoma kuhusu mawimbi ya mvutano, yaani mitikisiko ya nafasi yenyewe, huanza kwa kutangaza udogo wake. Wimbi la kwanza kunaswa, tarehe 14 Septemba 2015, lilibadilisha urefu wa mikono ya vituo vya kupimia mawimbi haya vya LIGO kule Marekani, yenye kilomita 4 kila mmoja, kwa kiasi kidogo mara mia kadhaa kuliko upana wa protoni, chembe ya ndani ya kiini cha atomu. Msomaji anaguna. Mitambo yote hiyo kwa kitu kisichomtikisa hata mbu?

Nadhani tunaanzia pabaya. Mashimo meusi mawili (vitu vyenye mvutano usioachia hata mwanga) yaliyolizaa wimbi lile yalikuwa na uzito wa kama Jua 36 na Jua 29. Yalipoungana likabaki moja lenye uzito wa kama Jua 62. Hizo tatu zilizopungua ziligeuka nishati ya mawimbi kwa muda usiofika sekunde moja, na pale kileleni nguvu yake ilizidi mwanga wa nyota zote za ulimwengu tunaouona. Wimbi lenye asili hiyo utaliitaje dhaifu? Kilicho kigumu ni nafasi yenyewe: haipindiki ovyo.

Maana kinachotikisika hapa ni nafasi, si hewa wala maji. Chembe za vumbi zikielea kwa umbo la duara, wimbi likizipitia kwa mbele, duara litarefuka wima huku likibanwa ubavuni, halafu kinyume chake, zamu kwa zamu. Ndiyo sababu kituo cha LIGO kina mikono miwili iliyokutana kama herufi L: mmoja ukirefuka mwingine hufupika, na miale ya leza hulinganisha.

Sasa, kule kutogusa vitu ndiko ninakokupenda. Mwanga humezwa na vumbi na kutawanywa na gesi. Mawimbi haya hupenya nyota, mawingu ya vumbi, hata Dunia nzima, na kutoka karibu vilevile yalivyoingia. Lile la 2015 lilisafiri zaidi ya miaka bilioni moja bila kuharibikiwa na habari yake.

Kuna faida nyingine isiyotajwa sana. Mng'ao wa nyota hupungua kwa mraba wa umbali, lakini LIGO hupima kimo cha wimbi, nacho hupungua kwa umbali tu. Ongeza usikivu wa mtambo mara mbili, utafika mbali mara mbili, na ujazo wa anga unaouchunguza utakua mara nane. Anayelalamikia gharama za kuboresha mitambo hii aanze na hesabu hiyo.

Kasi yake ni ile ya nuru. Einstein alilisema hilo mwaka 1916, na Agosti 2017 nyota mbili za nyutroni, yaani masalia ya nyota yaliyobanana mno, zikalithibitisha zilipoungana: baada ya safari ya miaka kama milioni 130, mawimbi na miale ya gama vilifika vikiachana kwa sekunde 1.7 hivi.

Satelaiti ya Uhuru, iliyotafuta eksirei angani na kurushwa kutoka pwani ya Malindi tarehe 12 Desemba 1970, ilisaidia kulishuku shimo jeusi la Cygnus X-1 kwa sababu gesi ya nyota jirani iliwaka kwa eksirei ikivutwa humo. Mashimo mawili yasiyo na gesi karibu yao yangeipita Uhuru kimyakimya. Hayo huyapati ila kwa mawimbi ya mvutano.